Sanduku la Kioo: Shajara ya Karanga, Kongwa, Kutoka Mbegu Hadi Mbegu

16 Novemba 2024: Sanduku

Wanafunzi wangu wa kidato cha pili huchora ua na kutaja sehemu zake zote bila kukosea, lakini nilipowauliza karanga ni sehemu gani ya mmea, zaidi ya nusu walijibu kwamba ni mzizi, kama ulivyo muhogo. Hawa ni watoto wa nyumba zinazolima karanga, wamezing'oa na kuzimenya kwa mikono yao tangu wakiwa wadogo, na bado jibu likawa hilo. Sikuwalaumu, kwa kuwa jambo lenyewe hutendeka ardhini, mahali ambapo hakuna anayeliona. Nimeamua kutengeneza sanduku lenye upande mmoja wa kioo ili tuufuate mmea huu kuanzia mbegu hadi mbegu, na kando yake, nyuma ya nyumba yangu hapa Kongwa, mkoani Dodoma, nilime kibustani cha meta 5 kwa 4, ili tuwe na mimea ya kung'oa na kupasua bila kuigusa ile ya sandukuni. Nitaandika kila hatua itakapokamilika, pamoja na gharama zake, kwa ajili ya mwalimu au mzazi atakayetaka kufanya hivi hivi.

Sanduku lina urefu wa sentimeta 60, upana wa sentimeta 25 na kina cha sentimeta 45. Mbao zimegharimu shilingi 9,000, kioo kilichobaki kwa fundi wa madirisha shilingi 7,000, misumari na gundi ya kioo shilingi 4,500. Kwenye kitako nimetoboa matundu sita ya kupitisha maji. Udongo ni mchanganyiko wa ndoo mbili za udongo mwekundu wa hapa, ndoo moja ya mchanga wa korongoni na ndoo moja ya samadi ya mbuzi iliyooza vizuri.

30 Novemba 2024: Mbegu za kwanza zimeoza

Nilinunua sokoni nusu kilo ya karanga zilizobanguliwa kwa mashine, shilingi 2,000, nikaziloweka usiku kucha na kupanda 20 sandukuni tarehe 17. Hadi leo zimechomoza 3, na mojawapo imetoa mzizi bila kuwa na ncha ya kukua juu. Nimezifukua zilizobaki: 14 zimekuwa uji wenye ukungu mweusi, na 3 zimevimba tu bila dalili ya uhai.

Nimerudi kwenye karanga zilizobaki katika mfuko, na sasa naona nilichopaswa kukiona kabla ya kupanda. Ukiipasua karanga kwa wembe katika mstari wake wa asili, unapata nusu mbili nene ambazo ni ghala la chakula cha mche, na kwenye ncha yake iliyochongoka, katikati ya nusu hizo, kimelala kiini. Upande mmoja wa kiini ni kijimzizi kifupi kama mdomo wa ndege, na upande wa pili, ukitazama kwa kioo cha kukuzia, kuna vijani vilivyokunjamana ambavyo vimekwisha kuumbika kabla mbegu haijaonja maji. Karanga inapogawanyika, kiini hubaki upande mmoja, kwa hiyo ule upande mwingine ni chakula kisicho na mlaji. Katika karanga 50 nilizokagua, 11 zilikuwa zimevunjika ncha hiyo na nyingine nyingi zilikuwa zimechubuka ile ngozi nyembamba nyekundu. Mimi huko nyuma niliichukulia ngozi hiyo kuwa takataka ya kupepeta, kumbe ndiyo inayozuia maji yasiingie kwa pupa na ukungu usipenye. Nilipoziloweka mbegu zilizochubuka usiku kucha, nilimaliza kazi ambayo mashine ilikuwa imeianza.

14 Desemba 2024: Kupanda mara ya pili

Mvua zimeanza. Nimenunua kwa mkulima jirani kilo moja ya karanga zikiwa bado kwenye maganda, shilingi 3,500. Ni za aina ya Pendo, iliyotolewa na kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, ambayo hukomaa mapema, jambo linalofaa kwa msimu wetu mfupi. Nimezibangua kwa mkono jana jioni, nikatupa kila iliyochubuka, nikapanda bila kuloweka katika kina cha sentimeta 5. Kibustani kina mistari 8, nafasi ya sentimeta 50 kati ya mistari na sentimeta 10 kati ya mashimo. Sandukuni nimepanda mbegu 6, zote sentimeta 3 kutoka kwenye kioo.

23 Desemba 2024: Zimechomoza, lakini mizizi imetukimbia

Sandukuni zimeota 5 kati ya 6, na bustanini nimehesabu mashimo 361 yaliyoota kati ya 400. Tofauti na zile za kwanza haihitaji maelezo.

Kosa la safari hii ni langu tena. Nililiegemeza sanduku kwa nyuma, kioo kikatazama juu kidogo ili wanafunzi waone vizuri wakiwa wamesimama. Mzizi mkuu ulitoka siku ya tatu, tukauona ukipita karibu na kioo kama uzi mweupe, halafu ukatuacha na kuzama katikati ya udongo. Mzizi hufuata mvuto wa ardhi wima kwenda chini, na kioo kilikuwa kimelala kinyume cha njia yake. Nimeweka matofali mawili nyuma ya sanduku ili kioo kielekee chini kidogo, na ndani ya siku nne mizizi ya pembeni imekigonga na kuteleza juu yake hadi kitako. Anayetaka kuiga aanze hivyo tangu siku ya kwanza, na akubali kwamba watazamaji watalazimika kuchuchumaa.

Kuna jambo moja dogo ambalo wanafunzi walilitambua kabla yangu. Maharage yaliyoota kando ya uzio yameinua nusu zake mbili juu kabisa ya ardhi, mahindi yameiacha punje yake chini, lakini karanga imesimama katikati: nusu zake zimefika usawa wa udongo na kukwama hapo. Shina lililo chini yake hurefuka maadamu liko gizani, na mwanga ukizifikia zile nusu mbili, kurefuka kunakoma. 

11 Januari 2025: Vinundu

Tumeng'oa mimea miwili ya bustanini. Mizizi ina vinundu vidogo kama punje za uwele, na vikipasuliwa ndani vina rangi ya waridi, dalili ya kwamba bakteria waliomo wanafanya kazi ya kunasa naitrojeni ya hewani. Jioni majani hukunjamana mawili mawili, na alfajiri hufunguka. Palizi ya kwanza imekamilika.

18 Januari 2025: Ua

Ua la kwanza lilifunguka tarehe 15, siku ya 32 tangu kupanda. Ni la manjano lenye mistari ya rangi ya chungwa iliyokoza, na linafunguka alfajiri. Kufika saa nane mchana lilikuwa limenyauka, kwa hiyo somo la ua inabidi lifanyike saa moja asubuhi au lisifanyike.

Nilitumia asubuhi tatu nikiwa na wembe na kioo cha kukuzia, kwa sababu ua hili linadanganya. Ukilitazama, unaona petali zimebebwa na kikonyo chembamba cha sentimeta 4 au 5, na jicho linatafuta ovari, yaani kifuko kitakachokuwa tunda, pale petali zinapoanzia, kama lilivyozoea kuiona kwenye maboga. Hakuna kitu pale. Kile kinachoonekana kuwa kikonyo ni mrija, na ukiupasua kwa urefu wake unakuta ndani uzi mmoja mweupe, mwembamba kuliko unywele, unaoteremka kutoka kwenye stigma, sehemu inayopokea chavua, hadi kwenye kwapa la jani, pale jani linapoungana na shina. Huko chini kabisa, imefichwa na vijani viwili vidogo, ndiko iliko ovari, kitone cha kijani kisichofika milimeta mbili. Chavua inayotua kwenye stigma lazima iteremshe mrija wake umbali wote huo ili kuzifikia chembe za uzazi zilizomo. Mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini ua lijitenge hivyo na ovari yake. Nilimjibu kwamba ovari inabaki mahali ambapo safari yake ijayo itakuwa fupi, na nikamwomba asubiri.

Nyuki wanapita, lakini si wao wanaotegemewa. Petali mbili za chini zimeungana na kuwa kama mtumbwi uliofunikwa, na ndani yake stameni zenye chavua na stigma vimefungiwa pamoja, hivyo ua hujichavusha lenyewe, mara nyingi hata kabla halijafunguka. Ndiyo maana mkulima anaweza kutunza mbegu yake ya karanga mwaka hadi mwaka bila kuharibika aina, jambo ambalo kwa mahindi halimwezekani kwa urahisi.

Tumefunga nyuzi nyekundu kwenye maua 30, kila moja na tarehe yake. Tarehe 17 nilitawanya jasi iliyosagwa, madini yenye kalsiamu, shilingi 3,000, juu ya mistari minne ya bustani na sandukuni. Mistari minne mingine nimeiacha bila jasi kwa ajili ya kulinganisha.

1 Februari 2025: Sindano na ukoko

Kati ya maua 30 yenye nyuzi, 19 yametoa kitu. Petali zimekauka na kuanguka, na kwenye kwapa la jani kimechomoza kijiti cha zambarau chenye ncha kali, kikielekea ardhini. Katika shajara hii nitakiita sindano. Kwa umbo ni kama mzizi, lakini si mzizi. Ni ovari iliyokwisha kurutubishwa, ambayo sehemu iliyo nyuma yake imeanza kurefuka na kuisukuma mbele, na mbegu changa zimo katika ncha yenyewe. Kwa maneno mengine, mmea unashika tunda lake na kulipanda kwa mkono wake. Wanafunzi waliosema karanga ni mzizi waliichora sindano hii mara mbili bila kuagizwa.

Hata hivyo bustanini mambo si mazuri. Hatujapata mvua kwa siku 12, na udongo wetu mwekundu umeshika ukoko mgumu kiasi kwamba kijiti cha kiberiti kinavunjika kabla ya kupenya. Nimehesabu sindano nyingi zilizofika ardhini, zikagonga, zikapinda na kutambaa juu ya ukoko, ncha zikiwa za kahawia na kavu. Ni udongo huu huu wa Kongwa ambao kati ya 1947 na 1951 serikali ya Uingereza ilijaribu kuulima karanga kwa matrekta kwa eneo kubwa ajabu, na mradi ukafa baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30. Sababu zilikuwa nyingi, ukiwamo uchache wa mvua, lakini ugumu wa ardhi unapokauka ulikuwa mmojawapo. Mimi niliisoma habari hiyo tangu shule, na sikuwahi kuiunganisha na ncha ya sindano moja.

Jirani yetu, bibi aliyelima karanga maisha yake yote, alipita na salamu yake ya Kigogo, "Mbukwenyi", akasimama kwenye uzio akatazama.

"Mwalimu, hizi hujazipandishia udongo."

"Shikamoo, bibi. Nilipalilia mwezi uliopita."

"Marahaba. Kupalilia ni kuondoa majani. Hii inataka uilegezee kitanda, halafu uisogezee udongo, maana mtoto wake hawezi kuchimba mwenyewe."

Jioni ile ile nilinyunyiza maji, nikavunja ukoko kwa jembe dogo katikati ya mistari na kusogeza udongo laini hadi chini ya matawi, kwa kimo cha sentimeta 5 hivi, bila kufunika majani. Ilikuwa lazima kwenda polepole, kwa sababu katika mstari wa kwanza nilikata sindano 23 ambazo zilikuwa zimekwisha kuingia. Baada ya hatua hii jembe halirudi tena bustanini. Magugu yote yang'olewe kwa mkono. Isitoshe, kupandisha udongo kunapunguza safari ya sindano za maua ya juu, kwani nyingi zinazoanzia sentimeta 15 au zaidi kutoka ardhini hukauka hewani kabla ya kufika.

22 Februari 2025: Kioo ndicho kilichokuwa adui

Sindano tano zimeteremka zikigusa kioo, mahali pazuri kuliko nilivyotarajia, na kwa wiki tatu darasa zima limekuwa likizipima kila asubuhi. Zimerefuka hadi sentimeta 7 na 8. Zimekuwa na ukijani. Hazikuvimba. Leo tumefukua bustanini sindano zenye tarehe zile zile za nyuzi, na ncha zake zimekwisha kulala kwa ulalo na kunenepa kama ncha ya kidole, ganda likiwa jeupe lenye mistari inayoanza kuonekana.

Nilishuku maji, kisha samadi, kisha jasi. Ni ukijani ule ulionifungua macho, kwa sababu hata kioo chenyewe kilikuwa kimeanza kutandwa na utando wa kijani kwa ndani, na utando wa namna hiyo hauoti penye giza. Sindano ya karanga hungoja mambo mawili kabla ya kuwa tunda: giza, na mguso wa udongo unaoibana. Ikiwa katika mwanga huendelea kurefuka tu, kana kwamba bado iko hewani na inatafuta ardhi. Sanduku langu la kuonyesha lilikuwa likizuia kitu kile kile nilichokijenga ili kionekane. Mmea uliniambia hivyo tarehe 23 Desemba, nusu za mbegu zilipokoma kupanda mara tu zilipoonja mwanga, na sikulifikisha wazo hilo chini ya ardhi.

Nimenunua kitambaa cheusi kizito, shilingi 3,500, nikakitundika mbele ya kioo na juu yake kuweka boksi la katoni. Tutafunua Jumamosi tu, baada ya jua kuzama, kwa dakika chache.

8 Machi 2025: Chini ya kitambaa

Kati ya zile sindano tano, mbili zimevimba, na tatu zimesinyaa. Sindano nne mpya zilizofika kwenye kioo baada ya kitambaa zimevimba zote. Tumeona vizuri jinsi ncha inavyopinda kutoka wima kwenda ulalo kabla ya kunenepa, na jinsi tumba la nyuma, lililo karibu na kikonyo, linavyotangulia kujaa kuliko lile la mbele. Kwa dakika chache za Jumamosi tumejifunza zaidi ya wiki tatu za kukodoa macho mchana.

29 Machi 2025: Mavuno

Siku ya 105. Kabla ya kung'oa tulifungua maganda kumi kutoka mimea tofauti na kutazama ndani. Manane yalikuwa na mabaka ya kahawia iliyokoza kwenye ukuta wa ndani, nayo ndiyo dalili ya kukomaa.

Nilitaka hasa kuiona kazi ya jasi. Katika maganda 100 ya mistari yenye jasi, 12 yalikuwa mapepe, yaani matupu. Katika 100 ya mistari isiyo na jasi, mapepe yalikuwa 31. Ni bustani moja na msimu mmoja, kwa hiyo sitaki mtu aichukue namba hii kama sheria, lakini sababu yake inaeleweka kwa muundo wa mmea. Kalsiamu inayofyonzwa na mizizi husafiri na maji, na maji hupanda kuelekea kwenye majani, ambako hugeuka mvuke. Tunda lililofukiwa halipotezi maji hewani, hivyo mkondo huo haulifikii, na hulilazimu kufyonza kalsiamu kupitia ganda lake lenyewe, kutoka kwenye udongo unaolizunguka. Ndiyo maana jasi huwekwa juu ya udongo pale tunda litakapoingia, wakati wa maua, na si shimoni wakati wa kupanda.

Gharama zote ni shilingi 32,500, bila kuhesabu samadi, ambayo nilipewa bure. Sanduku na kitambaa, ambavyo pamoja ni shilingi 24,000, vitatumika tena. Karanga za mbegu zimeanikwa kivulini, zitahifadhiwa ndani ya maganda yake, na zitabanguliwa kwa mkono siku chache kabla ya kupanda.

6 Aprili 2025: Zilizosahaulika

Baada ya mavuno mvua imenyesha kwenye bustani tupu, na asubuhi hii kuna miche 14 kwenye mistari. Ni karanga zilizokatikia ardhini tulipong'oa, kwani sindano ikizeeka hudhoofika na tunda hubaki chini. Jamii ya karanga ambayo Pendo ni mojawapo haina usingizi wa mbegu, hivyo ikikomaa na kupata unyevu huota mara moja. Mkulima anayechelewa kuvuna huku mvua ikiendelea atakuta mavuno yake yamegeuka miche.

Tumefukua mmoja taratibu kwa kijiko. Ganda lilikuwa bado zima, limepasuka ncha tu, na sindano iliyokauka ilikuwa ingali imeshika upande wake wa nyuma. Kutoka kwenye ule ufa mzizi mweupe ulikuwa umeteremka sentimeta 9, na juu, usawa wa udongo, nusu mbili za mbegu zilikuwa zimekoma pale mwanga ulipozigusa. Tumeuhamishia sandukuni, sentimeta 3 kutoka kwenye kioo, na kitambaa kimeshushwa.